Uyoga Goti la Kulia, Uji Goti la Kushoto

Enzi za kubipiana simu, nilikuwa naosha vizimba vya panya katika maabara moja mtaa wa Hurlingham. Panya weupe, safi kunishinda, na wanakula kwa ratiba. Mtafiti aliyeniajiri aliwachoma sindano unyayoni wavimbe, kisha akawapa wengine unga wa uyoga wa kichuguu na wengine maji matupu, halafu akapima nyayo zao. Waliopewa uyoga uvimbe ulishuka haraka zaidi. Akanieleza kwamba uyoga huo hulimwa na mchwa wenyewe. Hutafuna mbao, huzishusha chini ya kichuguu na kuotesha ukungu juu yake, na uyoga unaochipuka hapo una kemikali za kutuliza uvimbe. Nikamwambia mchwa wa mtaani kwetu Satellite walishakula fremu ya mlango wetu, kwa hiyo dawa hiyo kwa haki ni ya mwenye nyumba.

Nyumbani nilikuwa na mdogo wangu wa kidato cha tatu, msichana mwenye mdomo, na magoti yake yote mawili yalikuwa yamevimba kama maandazi. Hospitali walimwandikia vidonge, wakatuambia tuwe na subira. Wiki ya tatu alikuwa bado hawezi kufika shuleni, na shangazi yetu alikuwa ameanza kusema kwamba msichana anaweza kukaa tu nyumbani, ajifunze kushona. Wazazi walipofariki na mimi nikaacha shule darasa la nane, shangazi alitumia sauti hiyohiyo, laini, ya matangani. Nikaapa huyu haachi. Mpango sikuwa nao. Nilikuwa na kichuguu.

Kilikuwa kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ploti yetu. Mvua za Aprili ziliponyesha, uyoga ukatoka, nami nikauchuma kimyakimya. Sisi watu wa mkoa wa magharibi hatutangazi uyoga. Majirani nao walikuwa watu wa magharibi, na walikuwa na sufuria.

Mtu mwingine angeuponda akampaka mgonjwa, basi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na wasomi miezi minane. Nikampaka uyoga goti la kulia. La kushoto nikalipaka uji mzito wa unga wa mahindi, uliopoa. Nikapima yote mawili kwa futi ya fundi wa nguo, nikaandika kwenye daftari.

"Na hii goti ya kushoto imekosea nani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba tusipokuwa na goti la kulinganisha, hatutajua kama ni uyoga au ni vidonge.

"Dada, panya wako wanapewa maji safi. Mimi napakwa lanchi."

Shangazi alipokuja kutujulia hali, aliyatazama magoti yale kwa muda, kisha akauliza hilo lilikuwa dhehebu gani.

Siku ya tano yote mawili yalikuwa yamepungua, tena kwa kipimo kilekile. Nikafurahi kama dada, nikakasirika kama mtafiti. Nikampelekea bosi wangu daftari. Kwanza aliuliza kama mgonjwa bado anameza vidonge. Nikasema kila siku. Akasema asiache hata kimoja, kwa sababu panya si mtu, na yeye mwenyewe hajawahi kumpa mtu unga ule. Kisha akasoma tarakimu zangu, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema ama uji wetu ni dawa, ama mgonjwa ananidanganya.

Mgonjwa hakujisumbua kukana. Nikishaenda kazini, alikuwa akifuta uji na kujipaka uyoga magoti yote mawili.

"Na uliobaki kwenye bakuli?"

"Nilikaanga. Na kitunguu."

Nikamwambia ameharibu kila kitu, sasa hatutajua kamwe ni nini kilichomsaidia.

"Wewe ndio unataka kujua," akasema. "Mimi nataka kwenda shule."

Nikafunga daftari. Jumatatu shangazi alikuja asubuhi na mapema, na habari njema kwamba kuna fundi amekubali kumfundisha. Akamkuta mdogo wangu mlangoni na sare, ameinama, anafunga kamba za viatu mwenyewe. Shangazi akasema maombi yamejibiwa. Nikasema ni kweli, shangazi, nikabeba mkoba wa vitabu tukaondoka.

Tulipumzika mara nne kabla ya kufika njia panda ya Dagoretti Corner, na kutoka pale hadi shuleni mara mbili. Getini wachelewaji walikuwa wamepigishwa magoti kwenye kokoto, mstari mrefu, na mwalimu wa zamu akamwonyesha mdogo wangu nafasi yake kwa fimbo.

Nikamwambia mwalimu kwamba kama ni magoti, yangu ni mazima.

Alidhani natania. Nikaweka kitambaa chini, nikapiga magoti kati ya wavulana wawili wa kidato cha kwanza, nikampa mdogo wangu mkoba wake. Akaelekea darasani polepole, bila kugeuka. Mwalimu alinitazama, akatazama saa yake, akasema dakika ishirini.