Chupa Niliyoiogopa kwa Mwanangu, Nikampa Mtoto wa Spesioza

Mimi ndiye niliyekosa. Si mume wangu, si chuo, wala si umaskini wa mwanamke niliyemwajiri. Nimejaribu kuligawa kosa hili kwa watu wengi, na kila mara limerudi kwangu likiwa zima.

Naandika kwa sababu ukurasa huu umejaa wazazi wapya wanaoulizana: ninunue chupa gani, nimwachie nani mtoto nikienda kazini, nikatize masomo au niendelee? Mnajibiana vizuri. Ila hakuna aliyeeleza lililotokea nyumbani kwangu Kasulu, nami nalijua lote, maana nililitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Macho nilikuwa nayo, jamani!

Nilijifungua binti yangu nikiwa nasomea ualimu, nimebakiza mwaka wa mwisho. Mume wangu alikuwa kazini Kibondo. Mkuu wa chuo aliniita akaniambia niende nikalee, nafasi yangu nitaikuta mwaka unaofuata. Mama mkwe naye alipanda lori la maharage kuja kunichukua.

"Twende Kibondo, mwanangu. Chuo hakihami."

"Na wenzangu wakimaliza?"

"Wamalize! Kwani wanamalizia kwa maziwa yako?"

Nilicheka, nikakataa. Sikutaka kurudi darasani nikae na wadogo zangu. Ni hilo tu. Hakuna aliyenilazimisha.

Nikapanga chumba na jiko la uani karibu na chuo. Nikamnunulia mtoto vitu nilivyokuwa nikiviona kwenye picha za makopo ya maziwa: beseni lake, chandarua chake kidogo, na chupa ya kunyonyeshea. Mwenye duka, mzee mmoja mcheshi kutoka Ujiji, alinichagulia yenye picha ya bata.

"Chukua hii, mwalimu. Mtoto akimwona bata hataki tena titi!"

Sikuitumia. Muda si mrefu baada ya kuinunua, mkufunzi wetu wa Sayansi Kimu alitufundisha kuhusu chupa hizo. Ile chuchu ya mpira inafuga uchafu usioonekana. Isipochemshwa kila inapotumika, mtoto ataharisha, na mtoto mchanga akiharisha anakauka upesi. Afadhali kikombe na kijiko, alisema, vinaosheka. Niliandika kila neno. Nilipofika nyumbani niliitoa chupa kwenye beseni la mtoto, nikaiweka juu ya kabati. Kwa mwanangu haitagusa mdomo, nikaapa.

Spesioza alikuja kuomba kibarua cha kulima. Jina hilo nimempa mimi, lake ni jingine. Ilikuwa wakati Warundi wanavuka kwa wingi. Yeye alivukia mpaka upande wa Munanila, wakapotezana na mumewe njiani. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume wa umri uleule wa wangu. Nitamwita Nduwayo. Kiha changu na Kirundi chake havikuhitaji mkalimani.

"Shamba sina," nilimwambia. "Nina mtoto wa kulelewa."

"Basi nitalima mtoto, mabuja."

Mabuja ni neno la kwao, ndivyo anavyoitwa mwanamke unayemtumikia. Nililipenda neno lile. Nalo nalikiri hapa.

Tulipatana hivi: nikiwa darasani, mwanangu apewe maziwa ya ng'ombe kwa kikombe na kijiko. Yeye na Nduwayo walale kwenye jiko la uani, wale ugali na maharage kwangu. Tukaanza vizuri.

Siku moja nilirudi wakati wa mapumziko nikamkuta amemweka binti yangu kwenye titi lake. Nduwayo alikuwa pajani akisubiri zamu.

"Alilia sana, mabuja. Umekasirika?"

"Hapana."

"Kwetu mama akichelewa shambani, jirani ananyonyesha."

"Hata kwetu."

Nilisema kweli. Hata sisi Waha mtoto akilia na mama yuko bondeni, shangazi au jirani hufungua nguo akamtuliza hadi mama apande. Ni jambo la muda mfupi, la watu wanaosaidiana, na kesho zamu inageuka. Mimi niliufanya wema ule kazi ya kutwa nzima, na zamu haikugeuka hata mara moja. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na wala halikuonekana kama kosa.

Kikombe kikawekwa pembeni. Mwanangu akanenepa, akawa na mikunjo mapajani. Wenzangu wa chuo walikuja kumbeba wakisema, "Huyu anakula nini huyu!" Nami nikamwambia Spesioza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayemwambia mwenzake afunge mlango, "Uwe unaanza na wangu."

"Ego, mabuja." Ndiyo yao hiyo.

Lakini mwanamke anayekula ugali wa jioni tu atatoa wapi maziwa ya watoto wawili? Sikuuliza mchana anakula nini. Nduwayo akaanza kulia, kilio kirefu, nami nilikuwa na vitabu mbele yangu. Nikapanda kwenye kigoda, nikaishusha ile chupa.

"Huyu wako mpe uji mwepesi kwa hii."

Aliipokea kwa mikono miwili. "Yangu?"

"Ya Nduwayo."

"Bata!" Akamsogezea mtoto usoni. "Ona wewe! Umekuwa mtoto wa mkubwa!"

Je, nilimwambia aichemshe? Nilimwambia, mara moja tu. Na kesho yake nikamkuta amewasha jiko mchana, sufuria ya maji inachemka, nikafoka: "Mkaa unakwisha, Spesioza! Jiko ni la jioni!" Alielewa haraka, alikuwa mtu wa kutii. Tangu siku ile chupa iliingia maji ya mtungi, ikatikiswa, ikamwagwa, basi. Nilimwona akifanya hivyo. Nilipita na daftari zangu.

Kisimani wanawake walimtania. "Mtazameni mkimbizi, mwanawe ananyonya kizungu!"

"Na wako ananyonya Kiha," aliwajibu, "ndiyo maana kila saa analia!"

Walicheka wote. Aliifunga kamba ile chupa, akaivaa shingoni kama mkufu. Masikini, alijivuna nayo!

Ukafika wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mimi nilipangiwa somo la lishe ya mtoto mchanga, katika shule moja ya msingi pale mjini. Mkufunzi alipenda zana halisi, si michoro. Asubuhi nilikwenda jikoni, nikaitoa chupa mdomoni mwa Nduwayo. Alikuwa bado anavuta. Ilikuwa tupu, anavuta hewa, na ule mpira ulikuwa ukilia kwa mlio mdogo mwembamba.

"Nitairudisha jioni," nilimwambia mama yake.

Darasani niliinyanyua juu ili hata wa nyuma waione.

"Hii ni nini?"

"Chupa ya mtoto, mwalimu!"

"Kwa nini tunasema ni hatari?"

Binti mmoja wa mbele alisimama. "Inaleta kuharisha, mwalimu. Mtoto anaweza kufa."

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Mkufunzi, kule nyuma alikokaa, aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Na jioni niliirudisha. Mmenisikia? Niliirudisha! Nilimpa Spesioza mkononi, akanishukuru, akaisuuza kwa maji ya mtungi, akamwekea mtoto mdomoni.

Sikuwa mjinga. Ningekuwa mjinga ningelala. Nilijua dalili zote kwa mpangilio wake, maana zilikuwa kwenye mtihani: nywele zinapauka, ngozi ya mapaja inalegea, mtoto anaacha kutabasamu kabla ya kuacha kulia. Nilizitazama zikifika moja baada ya nyingine. Nilijiambia mtihani ukiisha nitalishughulikia.

Kuharisha kukaja katikati ya mitihani ya mwisho.

"Mabuja, nipe ruhusa nimpeleke zahanati."

"Na huyu nimwachie nani? Subiri nimalize."

"Nitawabeba wote wawili. Mmoja mgongoni, mmoja mbele."

"Umwambukize wangu? Mpe maji ya chumvi na sukari. Nikimaliza tutakwenda."

"Ego, mabuja."

Kwa nini hakukataa? Mama mkwe aliniuliza hivyo baadaye, nami nilimjibu sijui. Najua. Angekwenda wapi nikimfukuza? Nami nilijua kwamba anajua.

Siku niliyomaliza mtihani wa mwisho tulirudi tukiimba barabarani. Nilimkuta Spesioza amekaa kizingitini, ananyonyesha binti yangu. Nduwayo alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa kitenge hadi kidevuni.

"Ameacha kulia, mabuja," alisema. Alisema kwa matumaini! Alidhani anapona.

Nilimbeba mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumbeba, Mungu wangu, tangu waingie nyumbani kwangu. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Tulikimbia hadi zahanati. Mganga alimfunua kope, akaweka mkono kifuani, akauacha pale, kisha akamgeukia Spesioza.

"Mlikuwa wapi? Mnakaa na watoto majumbani hadi wanakufa, halafu ndio mnakumbuka dawa!"

Spesioza aliinamisha kichwa. Mimi nilisimama pale na viatu vyangu vya chuo. Neno moja tu lingetosha: ni mimi niliyemzuia. Sikulisema. Nilimwacha asemwe mbele ya maiti ya mwanawe.

Tulipotoka kuzika, binti yangu alilia kwa njaa. Maziwa yangu yalikuwa yamekwisha kukauka. Ya Spesioza yalikuwa yamejaa, nguo imelowa kifuani. Alinyoosha mikono.

"Mlete."

Nikampa. Jamani, nilimpa!

Haikupita muda Spesioza aliondoka kwenda kambi ya wakimbizi, mama mkwe akaja kumchukua mjukuu wake. Mimi nikapata cheti.

Sasa sikieni gharama yake. Binti yangu sasa anakimbia, ana afya, watu wanamsifu mbele yangu. Somo la lishe likifika nabadilishana kipindi na mwalimu mwenzangu, nasema sauti imekauka. Mume wangu anauliza kwa nini sitaki mtoto wa pili, nampa sababu ya leo na kesho nyingine. Na ule mlio haujaniacha. Nikiwa nasimamia mtihani, wanafunzi wameinama, darasa kimya, nausikia: mtoto anavuta mpira, chupa tupu, anavuta tu.

Nilimwona Spesioza mara moja baada ya hapo. Nilikwenda kambini kwa makusudi, nimepanga maneno yote tangu nyumbani. Nilimkuta sokoni anauza mahindi ya mgao apate unga wa muhogo. Alinikumbatia! Akauliza, "Mwanangu ameota meno mangapi?" Alisema mwanangu, maana alimnyonyesha. Kisha akajishika tumbo, akacheka. Yeye na mumewe walikuwa wamekutana tena.

Nikafungua mdomo. Akaniwahi.

"Nakushukuru kwa ile chupa, mabuja. Nduwayo alikwenda akiwa amekula kama watoto wa wakubwa. Mapenzi ya Mungu. Ilipasuka tulipohamishwa. Ukipata nyingine kama ile, mletee huyu."

Unadhani nilisema? Nikamwambia, "Hazipo tena dukani."

Ndivyo nilivyomjibu. Uongo! Nilipopata ujasiri wa kurudi, wa upande ule wa kambi walikuwa wamehamishwa. Hakuna aliyenielekeza alipo.

Kwa hiyo ninyi wazazi wapya, nisikilizeni. Chuo kikikupa mwaka, uchukue. Aibu ya kukaa na wadogo zako inaisha muhula wa kwanza tu. Kama ni lazima urudi kazini, kamua maziwa yako asubuhi kwenye kikombe kilichochemshwa, yafunike, yawekwe penye ubaridi, na yatumike kabla hayajakaa sana. Mtoto anywe kwa kikombe na kijiko. Atamwaga kidogo, mwache amwage. Wala msinunue kitu kwa sababu ya bata. Na ukimwajiri mwanamke mwenye mtoto, umeajiri wawili. Mama ale mchana. Mtoto wake akiugua, wewe ndiye unayebaki nyumbani. Jambo unaloliogopa kwa mwanao usimpe wa mwenzako, hata akikushukuru. Hasa akikushukuru!

Na kuna jambo moja naliomba, ndilo lililonifanya niandike. Wapo kati yenu wanaofanya kazi makambini, wengine mnauza huko, wengine mna ndugu huko. Ukikutana na mwanamke aliyewahi kulea mtoto kwa mwalimu Kasulu, akazika wake huko, akisomewa haya atajijua. Atakuwa amejifungua sasa. Mwambie asinunue chupa, hata ya zawadi asiipokee. Akiuliza kwa nini, usimfiche. Mwambie hayakuwa mapenzi ya Mungu. Mwambie mabuja alijua.