Sahani Niliyoisukuma Bulengera

Kuna siku moja ya pale Bulengera, mtaa wa Butembo, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka moyoni. Kesho unaanza kazi ya kuzungumza na wanawake waliorudi kutoka Arabuni, kazi niliyoifanya mimi nilipokuwa na umri wako. Basi kaa nikusimulie.

Nilitumwa kwa dada mmoja, nitamwita Kavira. Walimdanganya kwamba anakwenda kuuza dukani. Alikofika wakamnyang'anya pasipoti, wakamfungia ndani na kumfanyisha kazi bila mshahara. Aliporudi Butembo, kaka yake alimpa chumba kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake, lakini mke wa kaka hakumtaka. Alisema mtu aliyetoka huko hajulikani amebeba nini. Majirani wakalishika neno hilo, na alichopika Kavira hakuna aliyekigusa. Unajua kwetu watu wanavyoogopa sumu.

Mimi hayo sikuyajua. Nilifika na kinasa sauti changu, najiona msomi kweli kweli, nikamuuliza kama anajisikia yuko nyumbani. Aliingia jikoni, akatoka na bugali na sombe, kisamvu, akaniandalia palepale uani, mke wa kaka na majirani wakichambua maharagwe na kututazama.

“Kula kwanza, dada,” aliniambia.

Wakubwa wangu kazini walitukataza kupokea kitu kwa watu tunaowahoji. “Aksanti, lakini bureau yetu inakataza,” nikasema, nikaisukuma sahani pembeni. Nilidhani nafanya vizuri, maskini mimi. Kavira aliinyanyua, akarudi nayo ndani, na hakutoka tena.

Shangazi yake, aliyekuwa pale uani pia, ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Hakupaza sauti.

“Mutoto yangu, tulikuwa tunangoya mugeni mumoya tu akule chakula yake, batu baone. We ulikuwa mugeni wa kwanza. Sasa bibi ya kaka yake atasema nini?”

Mke wa kaka akasema hata mgeni amekiogopa chakula cha Kavira, na haikupita muda Kavira akafungasha. Nilimfuata hadi Beni, kwenye chumba cha kupanga huko Mulekera. Alinipa kiti, akanisikiliza nikimwomba msamaha.

“Haina neno,” alisema. “Lakini mi sina tena kwetu.”

Nimezeeka sasa, na bado inaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika kwa mtu usikimbilie maswali. Tazama kwanza nani anakaa naye na nani anamkwepa. Akikuwekea chakula, nawa mikono ule, tena ule watu wakuone. Na bosi wako mtaelewana baadaye. Kama huna moyo huo, ni afadhali usiende kabisa.

Mungu akutangulie, akupe masikio ya upole, na kila nyumba utakayoingia, umwache mwenyeji wako akiwa na watu wengi kuliko ulivyomkuta.