Siku Minyoo Walipotaka Kuhama

Saa kumi na mbili asubuhi, na minyoo wanahama. Wanapanda kuta za hodhi la zamani la kuogea, mamia kwa mamia, na wengine wameshavuka ukingo wakaanguka kwenye sakafu ya ua. Fundi cherehani amepiga magoti pembeni, mikono imezama kwenye mboji hadi viwiko.

"Hawa hawahami hivihivi," anajisemea. "Kuna kitu humu kinawaunguza."

Saa nne anakuja mnunuzi, mwenye bustani ya miche. Ameagiza ndoo sita za minyoo hai, na akiridhika atachukua kila mwezi. Oda hiyo si ya mchezo. Macho ya fundi yamechoka, na wiki iliyopita daktari alimwambia waziwazi kwamba siku zake za kushona zinahesabika.

"Uzi nautunga kwa kubahatisha," anasema peke yake. "Lakini mnyoo hanidai jicho. Namjua kwa kidole."

Alianza miaka sita iliyopita na minyoo wa kujaza kiganja, kwa kupenda tu, kama wengine wanavyofuga njiwa. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, wakambandika jina la Mama Minyoo. Kisha mmoja akaomba mbolea ya maua, mwingine naye akaja, na leo mbolea inamwingizia karibu nusu ya anachopata kwa cherehani.

Ambaye hakulainika ni mama mkwe, anayeishi naye. Kila akipita uani huziba pua, ingawa hodhi halinuki zaidi ya udongo uliolowa. Kusema kweli, pua ile huzibwa kwa ubishi tu.

Fundi anabonyeza mboji katikati. Haina joto, kwa hiyo maganda anayowalisha hayajachacha. Anakamua kiganja kimoja. Maji si mengi. Ananusa, hakuna kitu. Sakafuni minyoo wa kwanza wanaanza kulegea.

Kisha anachukua chembe ya mboji na kuigusisha kwenye ncha ya ulimi.

"Chumvi!"

Mama mkwe amesimama mlangoni, hazibi pua.

"Ni mimi," anasema. "Ulipokuwa hospitali niliwaona wamekauka, roho ikaniuma. Nikawamwagia maji niliyochemshia viazi. Sufuria nzima. Jana tena."

Fundi anamtazama kwa hasira. Miaka sita amemwomba mama huyu awatupie jicho tu, na siku alipowahurumia ndiyo amewapa sumu. Anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mama, lete maboksi yaliyo chini ya kitanda. Na maji ya bomba, matupu. Haraka!"

Wanararua maboksi, wanayalowesha, wanayatandika kwenye ndoo na mabeseni, wanahamisha minyoo kiganja baada ya kiganja. Mama mkwe anaokota wa sakafuni kwa vidole vitupu, uso umekunjamana kwa kinyaa.

"Huyu je?"

"Anajipinda?"

"Kidogo."

"Mtie."

Saa nne kamili mnunuzi anabisha hodi. Ukitazama kwa macho, ndoo sita zinapatikana. Fundi angeweza kuzijaza na kunyamaza, minyoo wakafie bustanini kwa mwenzake.

"Leo sikupi," anamwambia. "Wamekula chumvi. Watakufia mikononi."

"Nimekodi gari, mama."

"Najua. Nisamehe."

Mnunuzi anainamia ndoo moja, anakuna kichwa. "Narudi Jumamosi," anasema hatimaye. "Nikiwakuta wamekufa, tusilaumiane. Nitatafuta kwingine."

Ni siku tano tu. Hodhi linasuguliwa na kutandikwa upya, na kufikia saa tisa minyoo wamerudishwa humo. Fundi amekwisha kuona hodhi la pili kwa muuza vyuma chakavu, na ameomba awekewe.

"Jumamosi wakiwa hai, cherehani naifunika," anajisemea akikaa kwenye mashine yake, suruali ya mteja mapajani. "Wakifa, nitashona mpaka macho yazime kabisa. Sina njia nyingine."

Uani, mama mkwe ameburuta kiti hadi kando ya hodhi na hataki kuitwa ndani. Anayepanda ukuta anamrudisha kwa kidole.

"Rudi, baba," anamwambia. Kisha anapaza sauti: "Mwanangu! Wanaopanda sasa ni watatu tu."

Cherehani inanyamaza.

"Hesabu tena, mama."