Mngurumo Kutoka Redio ya Baba

Fundi redio mmoja alikuwa na sharti moja: kifaa cha mteja hakivuliwi nguo ili kivikwe kingine, yaani vipuri vyake havihamishwi. Mafundi wenzake mtaani huliona jambo la kuchekesha. Si la kuchekesha. Mtu akikuachia redio yake, amekuachia na imani yake.

Aliyelitia sharti hilo majaribuni ni mdogo wake wa kiume, mpiga gitaa. Aliingia karakana akihema.

"Dada, niokoe! Kiongozi wa bendi anasema gitaa langu linalia kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa. Anataka lingurume. Jumamosi lisiponguruma, nafasi yangu anapewa mwingine."

"Lingurume vipi?"

"Likwaruze. Kama redio mbovu."

Fundi aliangua kicheko nusura pasi ya kulehemu imponyoke. "Maisha yangu yote nafukuza mkwaruzo kwenye redio za watu, leo unanituma nikautafute!"

Lakini undugu ni kufaana. Akachora mchoro: transista mbili, ya kwanza ikuze sauti ya nyuzi, ya pili iisukume mpaka ifike kikomo cha betri, igonge dari, ikatike vichwa vya mawimbi yake. Hapo ndipo mkwaruzo huzaliwa. Akaviunga ndani ya kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kwa transista mpya za dukani. Mdogo wake akagusa uzi mmoja, akakunja uso.

"Huyu ni nyuki ndani ya kopo, dada."

"Nyuki naye si ananguruma?"

"Akinguruma hivi ukumbi utabaki na viti!"

Akabadilisha kapasita ya kuchuja sauti, akapunguza nguvu ya umeme. Nyuki akabaki nyuki. Dawa aliijua: transista za kizamani, zinazokata sauti kwa upole. Madukani zimekwisha. Mdogo wake akaelekeza kidole rafuni, kwenye redio kongwe ya mteja.

"Si zimo humo? Mwenyewe alishaisahau."

"Alikwambia wewe kwamba ameisahau? Shusha hicho kidole."

Akageuka, akachukua redio yake mwenyewe, aliyoachiwa na marehemu baba yao, iliyomwimbia kila asubuhi akichemsha chai. Akaifungua, akachomoa transista mbili, akazitia kwenye kisanduku. Kijana akamkodolea macho.

"Usinitazame hivyo. Baba alipenda kelele kutushinda sote."

Safari hii gitaa lilinguruma: sauti nene, yenye joto, isiyotaka kunyamaza. Mshona viatu wa jirani akaja mbio kuuliza ni lori gani limeingizwa humo ndani. Ndugu hao walicheka mpaka wakashikana mabega.

Jumamosi kijana alikanyaga kisanduku chake, na ukumbi mzima ukainuka. Kiongozi wa bendi mwenyewe alisahau zamu yake ya kuimba. Na fundi, mama mzima mwenye heshima zake, alionekana mbele ya spika akicheza peke yake, viatu mkononi.

Redio ya mteja bado iko rafuni, viungo vyake vyote kamili. Mwenyewe hajaja. Redio ya baba haikuimba tena, na asubuhi fundi huchemsha chai yake kimyakimya.