Moyo Usio na Haraka

Daktari alihesabu mara mbili, na mara zote mbili akapata arobaini na moja.

"Umelala, binti?" aliuliza, vidole vyake bado vikiwa juu ya mshipa wa mkono.

"Niko macho, Afande."

"Basi moyo wako ndio umelala."

Binti huyo, aliyenyooka juu ya kitanda chembamba cha chumba cha vipimo, miguu yake mirefu ikipitiliza ukingo, nyumbani walimwita Dakika. Baba yake, fundi saa, alimpa jina hilo angali mchanga, kwa kuwa hakuwahi kulia zaidi ya dakika moja. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na mbio za mita elfu tano alizikimbia kama mtu anayesoma barua ndefu ya ampendaye, taratibu, bila kuruka mstari. Kwa ajili ya mbio hizo chuo cha kijeshi kilimwita. Mtihani wa kuandika alikwisha kuufaulu, usaili pia, na uwanjani aliwaacha wenzake wakimeza vumbi. Kilichobaki kilikuwa kipimo cha afya. Na katika fomu ya afya kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo: mapigo ya moyo, mwili ukiwa umetulia, yasipungue hamsini.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye nyota tatu begani, aliitazama tena karatasi ya michirizi iliyotoka kwenye mashine.

"Moyo wako mzima kabisa," alisema. "Mioyo ya wakimbiaji naijua mimi. Lakini fomu haijawahi kukimbia." Akafunga faili. "Rudi baada ya siku saba. Nina ruhusa ya kukupima mara moja tu nyingine. Ikishindikana, nafasi anapewa anayefuata."

Mwalimu wa michezo alimwambia asikimbie wiki nzima, labda moyo ungesahau mazoezi. Dakika akatii. Alishinda dukani kwa baba yake, chumba chenye upana wa mlango na nusu, saa za wateja zikiwa zimejaa ukutani, kila moja na wakati wake. Moja ilisema saa tatu, jirani yake saa tisa kasoro, nyingine ilikuwa imekwama kwenye adhuhuri ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Katikati ilining'inia saa kubwa ya mbao ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Timazi yake ilikwenda huku, ikafikiri, ikarudi kule. Chini ya timazi hiyo Dakika alijifunza kusoma, na baadaye, uwanjani, aliisikia kichwani na kuweka miguu yake juu ya mlio wake. Wengine walikimbia kwa kumfukuza mtu. Yeye alikimbia ndani ya saa.

Siku ya tatu dada yake mkubwa, msusi aliyeolewa mtaa wa pili, aliingia na chupa ya kahawa nzito kama lami.

"Kunywa. Hii ingemwamsha hata shemeji yako."

Dakika akanywa vikombe viwili, kisha akalala fofofo kwenye benchi la wateja.

"Makubwa haya!" Dada akamtikisa. "Haya, amka, mfikirie yule kijana wa duka la simu."

"Dada, yule namzidi urefu."

"Mapenzi hayapimwi kwa futi. Fumba macho. Anakuja. Amenyoa. Anakuambia una macho mazuri..." Akamshika mkono, akahesabu huku akitazama ukutani, akachanganyikiwa na saa zenyewe, akaanza upya. "Thelathini na tisa! Yamepungua! Maskini kijana wa watu."

Baba alicheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni.

Dada alipoondoka, fundi alimwita bintiye karibu. Aliweka sikio lake kifuani pake, kama alivyofanya kwa saa zilizoletwa na wenyewe wakilalamika. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Inasemaje, baba?"

"Haina ubovu, mama. Haijachelewa popote." Akanyanyua kichwa. "Nisomee namba ya hiki kigurudumu. Leo mwanga mbaya."

Mwanga ulikuwa mzuri tu. Dakika akamsomea, kama alivyomsomea kila siku kwa miaka miwili, na hakuna aliyetia neno.

Usiku aliota anakimbia kwenye uwanja usio na kona, nyayo zikigusa chini mara moja tu kila baada ya mawingu kadhaa.

Siku ya sita alifungua droo akitafuta bisibisi ndogo. Chini ya kitambaa akakuta lenzi mpya, nene, pana kama kifuniko cha chupa, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Kamba ya njano, ya kiatu chake cha zamani cha mbio. Akairudisha. Akachukua bisibisi.

Siku ya saba alilala tena juu ya kitanda kile. Dirisha lilikuwa wazi na pazia lilivuta pumzi, likatoa.

"Tulia," daktari alisema, kisha akatabasamu kidogo. "Samahani. Usitulie sana."

Dakika akajaribu kuogopa. Akaufikiria uwanja uliojaa watu, kengele ya mzunguko wa mwisho, mpinzani akipumua kisogoni. Timazi ikaanza kwenda kichwani, huku, kule, na mwili wake wote ukalainika.

"Arobaini," daktari alinong'ona. "Nitahesabu mara ya mwisho."

Akajua basi, yamekwisha. Angerudi dukani, akae kwenye benchi, asome namba za vigurudumu. Namba za vigurudumu. Ndipo lenzi nene ilipomjia, na kamba yake ya njano. Baba hakuokota tu kamba iliyokuwa karibu. Alikuwa akijifunza kusoma namba zile peke yake, kwa siri, akiwa na hakika kwamba binti angekwenda. Duka lile, bila yeye ndani yake. Saa zote zile na mtu mmoja.

Moyo ukaruka. Ukapiga kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Daktari alihesabu dakika nzima. Kisha akaandika.

"Hamsini na tatu. Ulikuwa unawaza nini?"

"Lenzi ya baba, Afande."

Daktari alimtazama, akapiga muhuri, akampa leso.

Baba alikuwa ameinamia kazi Dakika aliposimama mlangoni pa duka. Alipomwona alisukuma kitu upesi ndani ya droo, kamba ya njano ikabaki ikichungulia nje.

"Ngapi?"

"Hamsini na tatu."

Fundi aliweka bisibisi chini. Alifungua droo, akaivaa lenzi nene bila kujificha tena, na jicho lake likawa kubwa, la kahawia, limejaa maji.

"Njoo hapa kwenye mwanga, mama," alisema. "Nikutazame vizuri kabla hujaondoka."