Fundi Urbain na mkono wake wa kushoto

KISANGANI, 1984. Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Kabondo ukiwa ndiyo kwanza unaamka, Likenge Urbain anaketi kibarazani mbele ya fremu ya mbao iliyobanwa kwenye ukingo wa meza. Mkono wa kulia anaulaza juu ya kitambaa ili kisiteleze. Sindano ameishika kwa kushoto. Anachoma, anavuta, anachoma tena. Jani la kijani linachipuka polepole kwenye shingo ya blauzi.

Kitambulisho chake kinasema Likenge tu, kwa kuwa sheria ya Zaire siku hizi inakataza majina ya Kizungu. Mtaani ni Papa Urbain. Ana miaka hamsini na minane, na kwa muda mrefu alikuwa fundi wa suti. Tai zilipopigwa marufuku akahamia kwenye abacost, koti lisilovaliwa na tai, na makarani na mabwana harusi walivuka mto kumfuata.

Mwaka 1981, akiwa anampima mteja mabega, utepe ulimponyoka. Aliinama kuuokota, hakuinuka. Hospitalini walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani upande wa kulia umekufa ganzi na maneno yakimtoka nusunusu.

Maneno yalirudi. Hamu ya kuishi haikurudi. Alikaa chumbani akitazama ukuta, huku wateja wakija kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Ndugu kutoka Bafwasende walisema amerogwa.

"Aliniambia, 'Gertrude, fundi bila mukono iko na kazi gani? Muniache tu niende,'" anasimulia mkewe, Mama Gertrude. "Nilificha mikasi yote. Niliogopa kumuacha peke yake hata kidogo."

Muuguzi Abdulhamid, mtu wa Kasongo, alikuwa akija kumnyoosha viungo. Siku moja alimshikisha mkasi kwa mkono wa kushoto. Ikawa balaa. Mkasi wa mkono wa kulia ukishikwa na wa kushoto hukataa kukata. Kitambaa hujikunja katikati ya makali. Urbain aliurusha hadi uani.

"Kila akishika mukasi, alikuwa anajipima na Urbain wa zamani," anasema Abdulhamid. "Njo nikamwambia, Papa, jifunze kitu haujajua hata siku moja. Ubongo ya mutu mukubwa ingali inajifunza. Bac ya kuvusha magari ikiharibika, watu hawavuke mto na pirogue ya kupiga kafi?"

Kitu hicho kilikuwa humo humo nyumbani. Mama Gertrude alifundishwa kudarizi na masista alipokuwa msichana, na miaka yote ya ndoa mumewe aliiita kazi ya kupoteza uzi. Sasa akamtia sindano mkononi.

"Bon," alimwambia, "leo patron wa kazi ni mimi."

Ua la kwanza lilichukua wiki nzima. Mama Gertrude aliligeuza huku na huku, akashindwa kujizuia. "Nikamuuliza, Papa, hii ni maua, ao ni mende wamekanyaga?"

Papo hapo akajuta. Kisha Urbain akalitazama ua lake, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kicheko ile nilikuwa nimeshaisahau," anasema mama, akijifuta macho kwa ncha ya liputa, kitenge alichojifunga kiunoni. "Nilikimbia inje nikalie kule."

Tangu hapo Urbain akawa anaamka na kuulizia uzi. Usingizi ukarudi, na hamu ya chakula pia. Vidole vya kushoto, ambavyo zamani vilimwaga hata supu ya kijiko, vikazoea mshono mmoja, kisha mwingine. Baadaye mkono wa kulia nao ukapata nguvu ya kukandamiza kitambaa. Mhunzi mmoja, Timothée, akamfulia mkasi wa kushoto, makali yamebadilishana pande.

Si kila kitu kilichopona. Vifungo vya shati bado anafungwa na mkewe. Blauzi hazilipi kama suti. Na zipo siku, hasa za mvua, anaporudi kuutazama ukuta.

"Siku ile inakuja, sikatae," anasema mwenyewe. "Lakini nikiwa na kitu ya kujifunza, inapita mbio. Mbele nilizania mutu anajifunza akiwa mutoto, kisha anatumia tu ile aliyojua. Sasa niko mwanafunzi na mvi kwa kichwa."

Mpango wake wa mwaka huu hauhusu uzi. Noeli, binti yao Françoise atapanda mto kwa boti kutoka Yangambi pamoja na watoto, na Papa Urbain ametangaza kwamba pondu, yaani kisamvu, ya siku hiyo ataipika yeye.

"Alors, tutakula mukate," Mama Gertrude anajibu kutoka jikoni, huku akisogeza kinu ampishe.

Fundi anaweka sindano chini, anajiinua kwa kushika ukingo wa meza, na kumfuata polepole.

"Gertrude," anauliza, "chumvi natia mbele ya mawese, ao nyuma?"