Maji ya Biano

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Shefu wa garaji, mzee aliyetengeneza malori ya Base ya Kamina, kambi ya jeshi, tangu ujana wake, alinipa fimbo ya mwanzi, akanipeleka nyuma ya gari nipime maji.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba: vitanda viwili, meko ya gesi, mapazia ya kitenge, na tanki la maji chini ya kitanda cha nyuma. Kampuni yetu ndogo ilipeleka wageni kutazama milima. Tulitoka Kamina, tukapita Kabondo-Dianda, ambako barabara huvunja springi bila huruma, hadi juu kwenye uwanda wa Biano.

"Tanki ijae, ao ikauke," Shefu alisema. "Nusu, hapana. Mayi ya nusu inatembea. Weye unakata kona, nayo inakata kona yake."

Nilicheka moyoni. Nilijiona shofere, si mchota maji.

Kule juu, vijana wangu mnaonisikiliza, asubuhi ukungu hujaa bondeni mpaka ukingoni. Niliamka kabla ya wageni, nikakaa kwenye ngazi ya mlango na chai yangu, na chini yangu hapakuwa na dunia, palikuwa na weupe tu. Kisha jua lilipanda na vilele vikatokea kimoja kimoja, taratibu, kama watu wanaoamka. Nilitamani Numbi, bibi yangu wa ndoa, awe pale. Yeye aliuza mikate ya kukaanga karibu na lango la Base na hakuwa ameona mlima hata mmoja. Nikimsimulia, alisema ninamdanganya.

Jamaa za shofere hawakuruhusiwa garini. Lakini palikuwa na desturi: anayestaafu hupewa gari siku tatu, aende na bibi yake. Kwa desturi hiyo nilivumilia mengi.

Mwaka wangu wa pili, kabla ya mteremko mkubwa, wanawake wa kijiji cha juu walinijia na bidoni, madumu matupu ya maji. Kisima chao kiko chini kabisa, ni nusu siku kwa miguu. Nilifungua bomba, nikawapa nusu, nikabakiza nusu ya wageni. Katika kona ya tatu, gia ya pili, maji yalihama upande mmoja. Gari likainama, likaegemea ukuta wa udongo. Sahani zilivunjika, lakini hakuna aliyeumia.

Shefu alisikiliza mpaka mwisho. "Ulibapa mayi?"

"Ndiyo, shefu. Balikuwa na batoto mugongoni."

"Ungalibapa yote." Kisha akanyoosha kidole. "Hii njo kosa ya kwanza. Ya pili, safari ya bibi yako imekufa."

Yote sikuweza, kwani wageni walitaka kuoga. Basi kwa miaka yote iliyobaki nilipita kijiji kile na vioo vimefungwa. Wale wanawake walisimama kando na bidoni zao, nami nikatazama mbele. Niliona haya, na haya ile sikumwambia mtu, hata Numbi.

Nilipostaafu, Direkta mpya wa kampuni alinikabidhi ufunguo wa gari kwa siku zangu tatu. Numbi alivaa kitenge chake cha kanisani. Asubuhi ya kwanza juu ya Biano alikaa kwenye ngazi, chai ikapoa mkononi mwake. Aligusa ukungu kwa kidole cha mguu.

"Kumbe hukuwa unanidanganya," alisema.

Siku ya kurudi, kabla ya mteremko, wale wanawake walikuwapo tena, wengine wamezeeka pamoja nami. Mguu wangu ulikwenda wenyewe kwenye pedali ya mafuta.

"Simama, Tata," Numbi akasema; Tata ni baba, ndivyo aniitavyo. "Banaomba nini?"

Nilimweleza yote: tanki, kona ya tatu, vioo. Aligeuka, akachungulia vitanda vitupu vya nyuma.

"Leo wageni wako wapi?"

Hawakuwapo. Tulikuwa sisi wawili. Nilifungua bomba na sikulifunga. Tuliwajazia mpaka sufuria zao ndogo, nikatumbukiza ule mwanzi, ukatoka mkavu. Kisha tukashuka. Gari lilikuwa jepesi, kimya, na kona ya tatu ilipita kana kwamba niliiota tu. Tulifika chini midomo imekauka, tunacheka.

Mpaka leo nikimpelekea maji ya kunywa, Numbi huinua kikombe na kuchungulia ndani.

"Tata, hii iko nusu?"

Nami narudi kukijaza.